Konokono wa maji baridi hali, hanyi, anaelea: tafuta chanzo kuanzia kwenye kinyesi

Wanaofuga konokono wa maji baridi hapa Tanga si wengi, lakini maswali yao yanafanana. Kuna mwenye tangi la samaki sebuleni Chumbageni anayetaka konokono wamsafishie kioo. Kuna mwalimu wa bayolojia aliyewaweka kwenye ndoo kwa ajili ya vitendo. Kuna mwenye bwawa la perege upande wa Pongwe au Muheza, anaona konokono wamejaa ukingoni na hajui kama ni neema au balaa. Swali ni lilelile: "Mbona huyu hali?" Na karibu kila mmoja ameshatazama pembe, ameshagonga gamba, ameshaongeza chakula juu ya chakula. Kinyesi hajakitazama.

Mimi naanzia hapo. Konokono halii wala hapimwi homa, na hata akiwa mzima kabisa anaweza kukaa siku nzima amejifungia. Kinyesi ndicho kinachosema ameingiza nini, kimefika wapi na kimesagwa kiasi gani. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoitwa "ugonjwa wa tumbo" si ya tumbo hata kidogo. Ni ya maji, au ya chakula chenyewe, na kinyesi hukuonyesha hivyo kabla hujaanza kununua dawa usizozihitaji.

Njia ya chakula, mradi ujue unatafuta nini

Mdomo uko chini ya kichwa, unagusa anachotembelea. Ndani yake mna radula, utepe wenye safu nyingi za meno madogo sana. Inafanya kazi kama mbuzi ya kukunia nazi, ila hapa nazi imetulia na mbuzi ndiyo inayokwenda mbele na nyuma. Meno ya mbele huchakaa na kung'oka, mapya huota nyuma, na utepe wote husogea taratibu kuziba pengo, maisha yake yote. Mate hulainisha kilichokunwa, nacho hushuka kwenye umio hadi tumboni.

Kuanzia tumboni konokono hawafanani. Wale wasio na kifuniko mlangoni mwa gamba, kama Bulinus, Biomphalaria na Radix, wana firigisi yenye misuli, na ndani ya firigisi hiyo hubeba chembe za mchanga za kusagia, kama kuku anavyobeba changarawe. Wale wadogo warefu wenye ncha kali, Melanoides, ambao ukichota tope la mto wowote wa huku utawapata, wana kijiti cha ute mgumu, kinachong'aa, kinachozunguka tumboni na kuyeyuka kidogo kidogo kikitoa vimeng'enya. Wakubwa wa mviringo wenye kifuniko, Lanistes na Pila, hawana kijiti hicho wala hawategemei mchanga kwa namna ileile.

Baada ya tumbo kuna ini. Usilifikirie ini la mbuzi au la kuku. Kwa konokono, ini ndiyo sehemu kubwa ya mmeng'enyo yenyewe: vipande vilivyosagwa laini huingia humo, seli huvimeza na kuvimaliza ndani yake. Limejaza mizunguko ya juu ya gamba pamoja na viungo vya uzazi. Vipande vikubwa visivyosagika havipitii huko, vinakwenda moja kwa moja kwenye utumbo. Ndiyo maana konokono wa firigisi hutoa kinyesi cha namna zaidi ya moja: kamba nene yenye chembechembe, hiyo ni mabaki ya firigisi, na uzi mwembamba laini uliotoka kwenye ini. Ukiona zote mbili, mashine inafanya kazi.

Kipimo cha bakuli

Chukua bakuli jeupe, tia maji ya tangi lilelile, weka konokono mmoja, usimpe chakula. Funika kwa chandarua au kifuniko chenye matundu, maana hawa hupanda ukuta usiku na asubuhi unamkuta uvunguni mwa kabati. Asubuhi tazama kilicho chini, kwa lenzi kama unayo. Kwa joto la pwani, alichokula jana kwa kawaida kimeshatoka leo au kitatoka kesho.

Angalia mambo matatu. Kipo au hakipo. Rangi yake inafuata chakula au la: mchicha hutoa kijani kilichokolea, karoti hutoa rangi ya machungwa, boga hutoa njano. Halafu kibonye kwa kijiti: kinakatika na kutawanyika laini, au kina vipande vya jani ambavyo bado vina mishipa yake?

Kipimo cha pili ni cha mdomo. Muweke kwenye glasi iliyoota utelezi wa kijani ndani, subiri atulie, tazama kwa nje kutoka chini. Utauona mdomo ukifunguka, radula ikichomoza na kurudi, tena na tena ndani ya dakika moja. Akishasogea, anaacha njia ya mikwaruzo midogo inayokwenda kushoto na kulia. Njia hiyo ikiwa safi na imekamilika, radula ni nzima. Kama anafungua mdomo lakini utelezi unabaki palepale, tatizo liko kinywani.

"Anatapika, tena shingoni"

Hili nalipata sana kutoka kwa wanafunzi. Wanaona kamba ya ute yenye uchafu ikitoka pembeni mwa kichwa, wanaogopa. Hatapiki. Konokono akiwa bado kiinitete, mwili wake wa juu hujizungusha nyuzi 180, na sehemu ya haja inayopaswa kuwa nyuma inakuja mbele, karibu na shingo, chini ya joho, ile ngozi inayofunika viungo vyake ndani ya gamba. Anajisaidia pale kwa maumbile. Kwa Bulinus na Biomphalaria ni upande wa kushoto; kwa Pila ni kulia.

Na akigeuka akala kinyesi hicho, mwache. Konokono wengi hula kinyesi chao na cha wenzao, kwa sababu kimebeba vijidudu na mabaki ambayo bado yana faida.

Hali kabisa

Hapa ndipo penye kazi. Kwanza acha chakula, shika maji.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yakimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye koki, humfanya ajivute ndani na kutoa ute mwingi. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Maji ya kisima yana mtihani mwingine: nyumba nyingi za karibu na bahari zina visima vya maji ya chumvichumvi. Melanoides huvumilia chumvi kidogo bila taabu, wengine hawavumilii. Ukiyaonja na ulimi ukaisikia chumvi, usimtilie.

Kisha shaba. Shaba ni sumu kali kwa konokono kuliko kwa samaki, na ndiyo sababu zamani mrututu, yaani chumvi ya shaba ya buluu, ulitumika kuua konokono wa kichocho kwenye mifereji na mabwawa. Sasa sikiliza mazungumzo haya, niliyoyafanya kwa simu na kijana mmoja wa Makorora:

"Shikamoo shangazi. Konokono wangu wote wamegoma kula tangu juzi."

"Marahaba baba. Umetia nini majini?"

"Sijatia kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nimesafisha kioo tu, nikaweka na mrututu, ule utelezi ulikuwa umenizidi."

Mrututu si "hata kidogo". Konokono aliyeguswa na shaba anaacha kula mapema kabisa, mguu unalegea na kuning'inia, au anajifungia na kutoa povu la ute. Dawa nyingi za samaki za fangasi na vimelea vya ngozi zina shaba, soma karatasi yake. Aliyepata kidogo hupona ukimhamisha kwenye maji safi upesi na kuyabadilisha kila siku. Tangi lenyewe ni gumu zaidi, kwa sababu shaba hujishika kwenye mchanga na mawe na kuendelea kutoka. Mimi ningemwaga mchanga wote.

Maji yakiwa salama, tazama joto. Miezi ya kaskazi, tangi likikaa dirishani, maji huchemka kama ya kuogea mtoto. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na konokono hupanda juu, hukaa kwenye ukingo wa maji, hana habari na mchicha wako. Lisogeze tangi kivulini, jaza nusu ya ndoo ya maji ya mtungi kidogo kidogo, washa pampu ya hewa. Jioni yake atashuka kula.

Kuna pia ambao hawaumwi, wamelala. Lanistes na Pila mtoni na kwenye majaruba hujifukia topeni maji yakikauka, hufunga kifuniko na kusubiri mvua, miezi kadhaa wakati mwingine. Ukimchimba kwenye jaruba lililokauka na kumtia majini, usitegemee ale siku hiyo. Utumbo wake ni mtupu na mwili umepunguza kila kitu. Mpe maji safi ya kina kifupi, mwache. Akianza kutembea, mpe chakula laini sana kwanza, na kinyesi cha kwanza kitakuwa cheusi, kidogo, kimejaa ute. Hicho si ugonjwa.

Baada ya hayo yote ndiyo uulize kuhusu chakula. Jani bichi gumu halikwanguliki vizuri. Mchicha, matembele au jani la kabichi litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, lipoe, ndipo umpe. Tango na mung'unye vinaliwa vibichi. Kisamvu kibichi usithubutu: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi ambayo kwa watu tunaiondoa kwa kutwanga na kuchemsha sana. Mboga za sokoni huenda zimepuliziwa dawa asubuhi ileile, zioshe na uziloweke. Jani kavu la mti wa mkungu lililoanguka lenyewe ni chakula kizuri cha akiba. Hali jani hasa, anakwangua utando wa vijidudu unaoota juu yake, na baada ya wiki chache unabaki na mishipa mitupu.

Na kama samaki ndio wanaomsumbua, hutaona kingine kwenye kinyesi ila ute. Perege wakubwa na kambare humdonoa pembe na midomo kila akichungulia. Mtenge siku mbili kwenye bakuli, akila huko umeshajua mwizi.

Anakula sana, hakui, na kinyesi kina majani mazima

Ukikibonya kinyesi ukaona vipande vya jani vyenye mishipa yake, chakula kimepita bila kusagwa. Kwa konokono wasio na kifuniko, mshukiwa wa kwanza ni sakafu ya tangi. Watu wanapenda tangi lenye kioo kitupu chini kwa sababu ni rahisi kuosha. Firigisi isiyo na mchanga haina meno. Watafiti walioshughulika na jamii ya Lymnaea waliona zamani kwamba wanaonyimwa mchanga hukua vibaya hata chakula kikiwa kingi.

Tandika mchanga mwembamba, unene wa kidole tu. Mchanga wa mto ndio mzuri. Wa pwani, kama wa Raskazone, utalazimika kuuosha mara nyingi hadi maji yasiwe na ladha ya chumvi, na hata hivyo una vipande vya makombe na matumbawe ambavyo vitayafanya maji yawe magumu. Kwa konokono hilo si baya. Kwa samaki wengine ni baya, uamuzi ni wako. Baada ya siku chache rudia kipimo cha bakuli. Kamba ya firigisi itakuwa imebadilika: nyororo zaidi, na ukiisugua kati ya vidole utasikia punje zikikwaruza.

Kama mchanga upo na bado vipande vinatoka vizima, basi unampa makumbi. Nyuzi za shina la sukuma wiki au ganda la boga hata ng'ombe atazitafuna mara mbili. Konokono ana vimeng'enya vya kuvunja selulosi, lakini havifanyi miujiza.

Kinyesi cheupe, au ute mtupu

Kinyesi cheupe baada ya kula tango lililomenywa, wali, au kifupa cha dome ni cheupe kwa sababu chakula kilikuwa cheupe. Umeshamaliza.

Kinyesi cha ute mtupu, uzi mrefu unaoona mwanga ukipita, maana yake utumbo unafanya kazi lakini juu hakuingii kitu. Rudi kwenye sehemu ya "Hali kabisa". Ukiukuta uzi huo wakati tangi limejaa chakula, usiongeze chakula. Ondoa. Mchicha uliooza huongeza amonia, amonia humfanya asile, nawe kwa huruma unaongeza mchicha mwingine.

Pumba za mahindi na chakula cha vifaranga ni ndugu wa tatizo hilo: vinavimba, vinachacha chini ya mchanga, na maji yananuka kabla konokono hajafika.

Anaelea

Wengi huambiwa ni gesi tumboni. Mara nyingi ni hewa, sawa, lakini ya pafu. Konokono hawa wasio na kifuniko hupumua kwa pafu, na wakubwa kama Lanistes na Pila wana pafu na shavu kama la samaki kwa pamoja; wakivuta hewa nyingi huelea, wakiitoa huzama. Wengine huelea kwa hiari ili mkondo uwapeleke kwenye chakula. Mguse kifuniko au mguu: anayejivuta ndani ni mzima. Akizama mwenyewe kabla ya kesho, hakuna kesi. Akiendelea kuelea siku kadhaa huku hanyi, badilisha theluthi ya maji na ondoa chakula chote chenye harufu.

Anakwangua magamba ya wenzake

Anatafuta kalsiamu. Konokono huipata kupitia chakula na moja kwa moja kutoka majini, na vijito vinavyoshuka Usambara Mashariki vina maji laini, yenye chokaa kidogo, tofauti na maji ya upande wa mawe ya chokaa ya Amboni. Okota kifupa cha dome ufukweni, kioshe, kiweke tangini. Au ganda la yai lililopondwa. Mashimo yaliyokwisha kuchimbika kwenye ncha ya gamba hayazibiki, kwa kuwa gamba hukua mlangoni tu.

Anakula vizuri, amenenepa, hatagi: simama hapo

Hili ndilo ambalo kinyesi hakitakusaidia, na ndilo la hatari kwako wewe kuliko kwa konokono.

Mikoa ya pwani, Tanga ikiwemo, ina kichocho cha mkojo. Vimelea vyake, Schistosoma haematobium, hukua ndani ya Bulinus. Kimelea huingia mwilini mwake kutoka kwenye maji yenye mkojo wa mgonjwa, huongezeka, kisha kizazi kinachofuata huhamia kwenye ini, lilelile linalomeng'enya chakula, kwa sababu ndipo penye lishe. Huko hutengenezwa maelfu ya vijilava vyenye mkia wa panda, vinavyotoka majini hasa jua linapokuwa kali mchana na kupenya ngozi ya mtu. Konokono mwenyewe huendelea kula. Kinachokufa ni uzazi wake: nguvu yote inakwenda kwa mgeni, mayai yanakatika, na wengine hunenepa kupita wenzao. Kwa wale wenye gamba jembamba, ini lenye rangi ya kahawia au kijani iliyofifia unaweza kuliona limegeuka jeupe au njano ya machungwa kwa kupitia gambani. Lakini usiifanye rangi kuwa kipimo. Aliyeambukizwa jana anaonekana kama asiye na kitu.

Kwa hiyo kazi si kumpima, ni kumtambua. Simamisha gamba ncha juu, mlango ukutazame. Mlango ukiwa kushoto na hakuna kifuniko, mhesabu kuwa Bulinus hadi mtaalamu akuambie vinginevyo. Wapo wengine wa kushoto wasio na kifuniko ambao hawabebi kichocho, Physella kwa mfano, ila kwa macho ya sebuleni hutawatofautisha. Aliye bapa kama kisahani mhesabu kuwa Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo.

Na hapa pana mtego wa huku kwetu. Lanistes naye gamba lake limejipinda kushoto. Watu wakishasikia "wa kushoto ni wa kichocho" wanamtupa bure. Tazama mlango: Lanistes ana kifuniko kigumu cha kahawia, na akijivuta ndani kinafunga kabisa. Cha ajabu ni kwamba mwili wake ndani umepangwa kama wa konokono wa kulia, ini, utumbo na vyote, gamba ndilo lililokwenda kinyume. Huyo hana kichocho.

Usifuge Bulinus wala Biomphalaria waliotoka mtoni, bwawani au kwenye jaruba. Kama tayari wamo tangini, usitie mkono mtupu: vaa glavu ndefu za mpira, watoe kwa kijiko au chujio, uwamwagie maji yanayochemka, usiwaponde kwa mkono. Maji yaliyobaki, yakikaa siku 2 kamili bila konokono yeyote ndani, vijilava vyote vitakuwa vimekufa, maana haviishi zaidi ya hapo bila kupata mwili. Aliyekwisha kuosha tangi hilo kwa mikono mitupu, hasa mtoto, aende kituo cha afya aeleze alichogusa, hata kama hajaona damu kwenye mkojo. Matibabu yapo, ni vidonge vya prazikwanteli, na havihitaji kusubiri hali iwe mbaya.

Walimu, hili lawahusu zaidi. Konokono wa kupasuliwa darasani wawe Lanistes au Pila. Ni wakubwa, utumbo unaonekana bila hadubini, na hakuna mzazi atakayekuja kukuuliza.

Vijiminyoo vyeupe mlangoni mwa gamba

Ukiona vinyuzi vyeupe vya milimita chache vikijikunja na kujikunjua shingoni mwa konokono, usiharakishe kutia dawa ya minyoo. Uwezekano mkubwa ni Chaetogaster, ndugu mdogo wa chambo wa udongoni, anayeishi juu ya konokono na kula vidudu vinavyopita, vijilava vya kichocho vikiwemo. Hali chakula cha tumboni mwa mwenyeji wake. Ruba ni habari nyingine. Yeye ni bapa, amejibandika, na konokono anadhoofika. Mng'oe kwa kibano.

Anamaliza mimea hai

Konokono wa huku hupenda zaidi utelezi na majani yaliyoanza kuoza, kwa hiyo jani lenye matundu mara nyingi lilishaanza kufa. Ongeza chakula, punguza idadi. Lakini kama ni jarubani, miche michanga ya mpunga inakatwa usiku, na kwenye mashina juu ya maji kuna vishada vya mayai ya waridi iliyokoza, mwite afisa kilimo siku hiyohiyo. Pomacea canaliculata wa Amerika ya Kusini aliripotiwa kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, mwaka 2020, na mayai yake ndiyo yenye rangi hiyo. Lanistes hutaga ndani ya maji, kwenye ute kama jeli. Pila hutaga juu ya maji lakini mayai yake ni meupe.

Kafa au kalala?

Mtoe majini, mnuse. Aliyekufa siku moja kwa joto letu, huhitaji kumsogeza karibu na pua. Kama hanuki, jaribu kifuniko kwa ukucha: cha mzima kinakataa, cha mfu kinafunguka bila upinzani na mwili umelegea. Ukibaki na shaka, mweke peke yake kwenye bakuli la maji safi hadi kesho ili asije akayachafua ya wenzake. Kwa wasio na kifuniko, mguu uliokauka ndani ya gamba na maji yaliyogeuka ya maziwa yanatosha. Mtoe, badilisha nusu ya maji, na usiwape waliobaki chakula hadi kesho yake. Watakuwa wameshamla mwenzao kiasi.